Cherehani ya Barasa Isifunikwe

Nyambura, mjukuu wangu na wajina wangu,

Sikuulizi habari. Tumekunywa chai pamoja asubuhi na habari zako nimeziona usoni: unafurahi kama mtu aliyegawiwa shamba la mzungu bure. Sasa umeenda kuaga wasichana wenzako huko stendi ya Rongai, na mimi nimekaa hapa mlangoni na daftari lako la zamani la sayansi, lile lenye panzi uliyemchora na miguu minane. Nimechana kurasa za katikati, zilizo safi. Mwandiko ni wa mtu aliyeachia darasa la nne. Ukicheka, cheka, lakini usome mpaka mwisho.

Mambo ya sweta na kula vizuri na kufunga mlango sitaandika. Nimeyasema tangu juzi mpaka kuku wameyashika. Nataka tuongee juu ya hiyo kazi yako.

Mwezi uliopita uliniambia, "Shosho, nimepata job Nax, hapo Nakuru mjini, ya kusimamia coworking." Nikakuuliza huyo ni mnyama gani. Ukanieleza: ni chumba kikubwa chenye meza na viti na wifi, mtu anakuja na laptop yake, anakodi meza kwa siku au kwa saa, anafanya kazi yake, anaenda zake. Kesho meza ile ile inakaliwa na mwingine. "Hiyo ndiyo future, Shosho. Watu hawataki ofisi za kuajiriwa, na nyumbani hakufanyiki kazi. Zitafika mpaka Molo. Zitafika mpaka hapa." Ulikuwa umesimama, mikono inaruka kama ya mhubiri wa sokoni. Mimi nikasema, "Mm."

Hiyo "mm" nimekaa nayo mwezi mzima. Leo naitoa.

Siku ile uliponipeleka kuiona, ulikataa kuniambia ni wapi. Tuliingia mtaa wa Bondeni, tukapita kinyozi, na miguu yangu ikajua kona kabla ya kichwa. Ulinipeleka kwenye chumba changu, Nyambura. Chumba nilichoshonea nguo miaka ishirini na moja. Ulikuwa unacheka, ulitaka kunishangaza. Ulinishangaza kweli.

Ukuta tuliopaka kijani kwa mikono yetu sasa ni mweusi. Nani anapaka chumba cha kazi rangi nyeusi? Hata jikoni kwenye moshi tunapaka chokaa. Majani ya plastiki yananing'inia kutoka juu, hapa Nakuru, ambapo ukitema mbegu ya pera kwenye mtaro inaota. Watu wazima wamekalia viti vya magurudumu, wanabembea. Na ukutani kuna maandishi ya taa, ya Kiingereza. Nikakuuliza yanasema nini, ukasema, "Yanasema tuko pamoja, Shosho."

Nikawaangalia hao walio pamoja. Walikuwa saba, na wote saba wameziba masikio. Nikasema, "Hamjambo?" Mmoja akainua kidole gumba. Kidole! Mimi ninayeweza kuwa nimemzaa mama yake, ananiamkua kwa kidole kama anasimamisha pikipiki.

Halafu akatokea Deno, mtoto wa mwenye nyumba, huyu bosi wako. Huyu nilimshonea kaptura ya nasari, na aliikojolea siku ya kwanza. "Shosho! Karibu kwa space! Hapa sisi tunajenga community."

"Community ya nani na nani?" nikamuuliza.

"Ya hawa wote, Shosho."

"Yule wa shati nyekundu anaitwa nani?"

Akamwangalia. Akaangalia simu yake. Akamwangalia tena. "Huyo ni... huyo ni wa meza ya nne."

Wa meza ya nne. Nilirudi Rongai na hilo jina mdomoni kama punje ya mahindi iliyokwama kwenye jino.

Na nyuma kabisa, nyuma ya kipande cha plaiwudi ambacho wameweka ili asionekane, nikamkuta Barasa. Barasa yule yule, na cherehani yake ile ile, miwani imefungwa na uzi. Peke yake. Sisi wengine wote tumeondoka, yeye amebaki kama kifungo cha mwisho kwenye koti. Hakusimama, magoti yamekataa. Akasema, "Nyambura mkubwa ameingia. Nilijua hiyo kelele ni ya nani." Halafu akakuangalia wewe. "Na huyu mdogo ndiye alikuwa analala kwenye kikapu cha vipande chini ya meza yangu?" Ukasema ni wewe. Akasema, "Ulikuwa unakoroma kuliko mashine." Mkacheka wote wawili.

Ulikuwa bado unacheka Deno alipotuita pembeni. Akasema kwa sauti ya chini, ati wateja wanalalamika. Cherehani inaingia kwenye simu zao. Kona ile inatakiwa iwe chumba kidogo cha kioo cha kuongelea simu. "Nyambura akianza Jumatatu, cha kwanza atampatia mzee barua ya kuhama. Wao wanajuana, ataelewa." Ukaangalia viatu vyako. Tulipofika hapa kwa lango ndipo ukasema, "Ni kazi tu, Shosho. Si mimi nimeamua."

Sikiza sasa. Barua hiyo itakuwa na jina chini. Jina hilo si la Deno, maana Deno ni mwoga na amekuajiri wewe ndiyo asiiandike yeye. Chini patasomeka Nyambura. Jina hilo nilikuazima. Ulipozaliwa baba yako alikuleta kwangu umefungwa blanketi ya hospitali akasema, "Mama, umezaliwa tena," kama desturi yetu inavyotaka, na mimi nikakubali kwa sababu sikujua utalipeleka wapi. Barasa atashika ile karatasi mbali na macho, atasoma polepole, atafika mwisho, na atasoma mimi.

Usianze kulia. Sijasema mimi ni msafi. Ningekuwa msafi ningekusema kwa mdomo, hadharani, mbele ya shangazi zako, unavyonijua. Naandika kwa sababu kuna jambo siwezi kulisema nikiwa nakuangalia.

Tulikuwa wanne chumbani mle. Mimi, Barasa, Wairimu wa sweta ambaye sasa ni marehemu, na Mama Atieno. Kila mtu na mashine yake, kila mtu na wateja wake, kodi ya pamoja. Hatukuita community. Hatukuita kitu. Lakini tulikuwa na desturi moja, na aliyetufundisha ni Mama Atieno mwenyewe. Anayefika wa kwanza na ufunguo, akishafagia, anafunua mashine zote nne. Si yake peke yake. Anakunja kile kitambaa cha kufunikia, anakiweka kwenye kiti cha mwenyewe, na anatia kipande cha kitambaa chini ya sindano, kama kazi iliyoachwa katikati. Hata kama mwenyewe ni mgonjwa. Hata kama amejifungua jana. Mteja akija kuuliza fulani yuko wapi, jibu lilikuwa moja tu: "Ametoka kidogo. Acha kitambaa." Tunampima, tunaandika vipimo, na kazi ikiwa ya haraka tunaishona sisi, kwa jina la mwenyewe. Hivyo mtu hakupoteza kazi kwa sababu ya homa ya wiki mbili.

Nilipokuzaa wewe mara ya pili, namaanisha ulipoletwa kwangu hujaota hata jino, nilikaa nyumbani na wewe miezi mitatu. Nikarudi nikakuta wateja wangu wote wapo. Mama Atieno alikuwa amefunua mashine yangu kila asubuhi. Ameipaka mafuta. Aliniuliza tu kama mtoto analala.

Sasa ulipokuwa na miaka mitano, mume wa Mama Atieno akafa. Akaenda kumzika kwao Siaya, na mambo ya mazishi yakamshika huko, na ya shamba, na ya mashemeji. Ilikuwa mwisho wa mwaka, shule zinakaribia kufunguliwa, unifomu zimejaa mpaka mlangoni. Wairimu alikuwa kwao Molo kuvuna viazi, na Barasa alikuwa anachelewa kufika, kwa hivyo ufunguo ulikuwa na mimi.

Siku ya kwanza nilifunua mashine yake. Siku ya pili nilifunua. Siku ya tatu nilikuwa na haraka.

Ni hiyo tu. Sikukaa chini nikapanga ubaya. Nilikuwa na haraka, nikafunua yangu, nikaanza kazi. Akaja mama mmoja na watoto wawili wa kupimwa, mteja wa Mama Atieno kabisa, akaangalia ile mashine imefunikwa, akasema, "Huyu amefunga?" Na mimi nikafungua mdomo kusema ametoka kidogo, na nikasema, "Sijui atarudi lini."

Hata huo haukuwa uongo. Ndiyo ubaya wake. Kweli sikujua. Yule mama akasema, "Basi nipime wewe," na nikampima.

Kesho yake sikuwa na haraka, na sikufunua. Wala keshokutwa. Barasa alipofika alikuta hivyo akaniangalia, nikamwambia, "Unaangalia nini, shona." Akashona. Wewe ndiye uliniuliza. Mama Atieno alikuwa anakusuka nywele saa za chakula, na kichwa chako kilikuwa kimefumuka kama kiota. Ukauliza, "Shosho, Mama Atieno ako wapi?" Nikakwambia, "Ametoka kidogo." Wewe mtoto nilikwambia maneno ambayo wateja wake niliwanyima.

Alirudi asubuhi moja kabla ya shule kufunguliwa, kichwa kimenyolewa. Chumba kilikuwa kimejaa wateja wake, wamekaa kwangu. Alisimama mlangoni. Akaenda kwa mashine yake, akapitisha kidole kimoja juu ya kile kitambaa, akaangalia vumbi kwenye kidole. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Nilikuwa na maneno mengi, mimi sikosi. Hakuniuliza kitu. Aligeuka nikamwona mgongo. Mchana akaja kijana wa mkokoteni akabeba mashine.

Nilienda kwake baada ya wiki, wakaniambia amehama. Nikamwona mara moja tu, miaka mingi baadaye, sokoni, anauza dagaa, hizi omena. Nikamwita. Akasema, "Habari yako, mama. Unataka ngapi?" Kwa sauti nzuri, ya heshima, kama anavyosalimiwa mteja yeyote. Angenitukana ningelala vizuri.

Na chumba kile hakikuwa chumba tena. Hakuna aliyesema tuache desturi. Ila Wairimu aliporudi kutoka Molo alifunua yake tu, na Barasa akafunua yake tu. Tukawa watu watatu tunaokaa pamoja, kila mtu anachunga yake. Mtu akikosa siku tatu, hakuna anayeuliza. Nilipowaona wale saba wako na masikio yao yaliyozibwa, niliwadharau, na bado nawadharau. Lakini nilipofika nyumbani nikajua kwa nini nilikasirika vile. Deno anadhani ameleta kitu kipya Bondeni. Hajaleta. Hiyo ofisi yenu mimi ndiye niliyeianza, na kitambaa kimoja, bila hata rangi nyeusi.

Usifikiri mimi ni kipofu. Najua kwa nini mnavitaka hivyo vyumba. Nimekuona miaka miwili kwenye chumba chako hapa, unafanya kazi za watu wa mbali kwenye laptop, umejifungia na blanketi mabegani, na mimi nabisha, "Nyambura, ng'ombe! Nyambura, maji!" Siku ile niliingia na jogoo mkononi wewe ukiwa unaongea na wale wazungu, na wote wakamwona, na jogoo akawika, ulicheka nao halafu ulipozima ukaweka kichwa mezani. Nilisema, "Kazi gani hiyo ya kukaa." Nililisema hilo jambo karibu kila siku. Mtu anayeshona amekaa, anamwambia anayechapa amekaa kwamba hiyo si kazi! Ulihitaji meza yenye watu wanaojua hiyo ni kazi. Hapo ulikuwa sawa na mimi nilikuwa mjinga, na nimeandika, hiyo karatasi iko kwako, uionyeshe shangazi zako ukitaka.

Lakini hiyo future yako usinitishe nayo. Nakuru hii nimeona chumba kimoja kikiwa cha kuonyesha video, kikawa cha kupigia simu, kikawa saiba ya intaneti, kikawa cha kubeti mpira. Kila mara walitupigia kelele kwamba hizo ndizo siku zijazo, na kila mara fundi wa rangi alirudi. Chenu nacho, wifi ikishakuwa rahisi kila nyumba, mtu atajiuliza anaenda kukaa karibu na watu wasiomjua kwa nini. Atabaki kwake. Vile viti vya magurudumu vitauzwa barabarani na Deno atapangishia kanisa la watu kumi na moja na spika saba.

Isipokuwa yule wa shati nyekundu akikosa siku mbili, na wa meza ya tano aangalie kile kiti na kuuliza. Hiyo tu. Molo mtafungua, Rongai mtafungua, popote. Mtu habebi laptop yake kwenye mvua kufuata majani ya plastiki. Anafuata mahali ambapo akikosa, panabaki pengo lenye jina lake. Hilo Deno hawezi kulinunua, na hana hata habari kwamba analo tayari, nyuma ya plaiwudi, linavaa miwani ya uzi. Yule mzee anawajua wale saba. Nilimuuliza. Wa shati nyekundu anaitwa Kiprono, mke wake amejifungua pacha, na analala kwenye meza saa nane kwa sababu usiku hawalali. Barasa alimshonea kola. Wewe meneja, ulijua?

Kwamba cherehani inapiga kelele ni kweli. Inapiga. Hicho chumba cha kioo cha kuongelea simu si lazima kimkalie Barasa kichwani, wanaopiga simu ndio waingie kwenye kioo, yeye akae. Ama useme kingine, wewe ndiye uliyesoma. Ama umwambie Deno hapana, na akufukuze, urudi hapa na kichwa juu, ng'ombe wapo. Sikuchagulii. Nilichagua yangu asubuhi moja nikiwa na haraka.

Jumanne nitakuja Nakuru. Nina safari ya macho kule hospitalini, usifikiri nakuja kukuchunga. Nitapita Bondeni saa nne hivi. Sitaingia na kelele. Nitasimama mlangoni.

Nikikuta mashine ya Barasa imefunuliwa, na kitambaa chini ya sindano, hata kama yeye mwenyewe hajafika kwa sababu ya magoti yake, nitaingia nikae kwenye kiti chenu cha kubembea, nimwamkue Kiprono kwa jina, na nitakunywa hiyo kahawa yenu chungu kikombe kizima. Mtu akiniuliza mzee yuko wapi, nitamjibu mimi mwenyewe. Jibu bado nalikumbuka.

Nikikuta imefunikwa, sitakuuliza kitu. Utaona mgongo tu, na utajua ni wa nani, maana jina ni moja.

Nakuona unapanda na njia, umebeba viatu mkononi kama mtoto. Nafunga.

Nyambura wa kwanza